Kukinga chuma cha jengo dhidi ya moto Mwanza: rangi ya kuvimba, bodi, plasta ya kupuliza au zege?

Nguzo ya chuma haisubiri kuyeyuka ndipo iangushe jengo. Chuma cha ujenzi huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi, lakini nguvu zake huondoka mapema zaidi. Kikifika nyuzi 500 kimebakiwa na takribani asilimia 78 ya nguvu, nyuzi 600 asilimia 47, nyuzi 700 asilimia 23 tu. Katika moto wa majaribio unaofuata kipimo cha ISO 834, tanuru hufika nyuzi 842 ndani ya dakika 30 na nyuzi 945 ndani ya dakika 60. Boriti nyembamba iliyo wazi inaweza kulegea ndani ya robo saa hivi, watu wakiwa bado wanatafuta ngazi.

Kwa anayejenga mezanini (sakafu ya juu ya ndani iliyobebwa na nguzo) ya duka Makoroboi, ghala Nyakato au Igoma, au kiwanda cha samaki upande wa Ilemela, njia za kununua dakika zaidi ni nne: rangi inayovimba ikipata joto, bodi, plasta nyepesi ya kupuliza, na zege. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya ndoo. Bei hiyo haisemi kitu mpaka ujue mambo matatu: dakika ngapi zinatakiwa, chuma chako ni chembamba kiasi gani, na maji yatakifikia kutoka wapi.

Ndoo mbili zisizofanya kazi hii

Madukani kuna rangi ya silva iliyoandikwa kwamba inastahimili nyuzi 600. Ni kweli inastahimili. Hutumika kwenye mabomba ya moshi na majiko. Ila rangi hiyo hubaki salama yenyewe huku joto likipita moja kwa moja kuingia kwenye chuma. Haihami chochote.

Ya pili ni rangi ya kuzuia moto kwa ajili ya mbao. Kazi yake ni kupunguza kasi ya mwali kusambaa juu ya mbao. Cheti chake kinaweza kuwa halali kabisa na bado kisihusu nguzo ya chuma hata kidogo. Unachotafuta kwenye karatasi ya bidhaa ni majaribio ya kukinga chuma: kwa Ulaya EN 13381-8 kwa rangi zinazovimba na EN 13381-4 kwa bodi na plasta, au BS 476 sehemu ya 20 na 21. Pamoja na cheti lazima liwepo jedwali la unene. Muuzaji asiye na jedwali hilo hana cha kukuuzia.

Wembamba wa chuma ndio unaopanga gharama

Chuma chembamba chenye uso mpana hupata moto haraka, na chuma kinene chenye uso mdogo huchelewa. Wahandisi hupima jambo hili kwa kugawa mzunguko wa uso unaofikiwa na moto kwa eneo la mkato wa chuma, na huandika A/V au Hp/A. Namba ikiwa kubwa, kinga inayotakiwa ni nene.

Mifano michache ya maumbo ya kawaida. Boriti ya IPE 200 ina mzunguko wa m 0.768 na mkato wa sm² 28.5. Ikiwa wazi pande zote, A/V yake ni karibu 270. Ikiwa imebeba sakafu ya zege juu, upande mmoja umefichwa, inashuka hadi 234. Nguzo nene ya HEB 200 ina 147 tu. Bomba la mraba la mm 100 kwa 100 lenye ukuta wa mm 4, ambalo ndilo mafundi wengi hulikimbilia kwa nguzo za mezanini, lina 257. Likiwa la mm 3, linapita 330.

Chukua mezanini yenye boriti sita za IPE 200 za m 6 kila moja, na nguzo sita za bomba hilo la mm 4 zenye urefu wa m 3. Boriti zina m² 24 za kupaka, nguzo m² 7. Tuseme jedwali la rangi uliyoichagua linadai mm 1.2 ya rangi kavu kwa boriti na mm 3 kwa nguzo ili zistahimili dakika 60 (namba hizi ni za kufundishia hesabu, kwa sababu kila bidhaa ina zake). Rangi yenye asilimia 70 ya yabisi hubakiza mm 0.7 kwa kila mm 1 mbichi. Ukiongeza asilimia 15 inayopotea hewani na kwenye mashine, boriti zitakula lita 48 na nguzo lita 35. Nguzo zina chini ya theluthi moja ya uso wa boriti, lakini zinakaribia kula robo tatu ya rangi yake.

Hapo ndipo pesa inapookolewa, na inaokolewa kwenye mchoro kabla ya chuma kununuliwa. Bomba lilelile likiwa na ukuta wa mm 8 lina A/V ya karibu 133. Unaongeza kama kilo 10 za chuma kwa kila mita, yaani kilo 180 hivi kwa nguzo zote, na rangi inaweza kushuka hadi theluthi. Mhandisi anayechagua bomba jembamba ili kupunguza uzito bila kupiga hesabu ya kinga ya moto amehamisha gharama tu, na mara nyingi ameiongeza.

Jambo la pili ambalo jedwali hutaka ni joto la ukomo, yaani joto ambalo chuma kikilifikia kimeshindwa kubeba mzigo wake. Uingereza imezoea kutumia nyuzi 550 kwa nguzo na 620 kwa boriti zilizobeba sakafu ya zege. Vyuma vilivyokunjwa kutoka mabati membamba huwekewa nyuzi 350 kwa tahadhari. Usikubali jedwali lisiloonyesha joto hili, kwa sababu unene uliokokotolewa kwa nyuzi 620 hautoshi kwa nguzo ya 550.

Rangi ya kuvimba: aina tatu

Ndani ya rangi hizi kuna amoniamu polifosfati, ambayo ikipata joto hutoa asidi. Pentaerithritoli, ambayo asidi hiyo huigeuza kaboni. Na melamini, inayotoa gesi. Joto la uso likifika kama nyuzi 200 hadi 250, gundi ya rangi hulainika, gesi huifurisha, na kunabaki povu jeusi lenye viputo vingi. Milimita moja ya rangi nyembamba huweza kuwa povu la sm 2 hadi 5. Povu hilo ndilo kinga. Rangi yenyewe kabla ya moto haihami kitu.

Adui wa mchanganyiko huu ni maji. Dawa zinazofanya kazi ya kuvimba huyeyuka polepole zikilowa mara kwa mara. Nguzo inaendelea kuonekana nyeupe na safi, kumbe dawa imeshatoka. Ndiyo maana swali la maji linakuja kabla ya swali la bei.

| | Ya maji (akriliki) | Ya tina (akriliki) | Epoksi |
|---|---|---|---|
| Mahali pake | Ndani, pakavu | Ndani. Nje iliyofunikwa ikiwa na rangi ya juu (tabaka la mwisho la kuifunika) | Nje, palipo na unyevu, mafuta, kuoshwa |
| Inavyokauka | Hutegemea sana unyevu wa hewa | Haraka kiasi, hata hewa ikiwa nzito | Hushika kwa kemikali, makopo mawili yakichanganywa |
| Ikilowa kabla haijafunikwa | Huharibika | Huvumilia kidogo, si mvua | Huvumilia ikishashika |
| Ugumu | Hukwanguka | Hukwanguka | Ngumu, hustahimili kugongwa |
| Inavyovimba | Sana | Sana | Kidogo, hivyo hupakwa nene zaidi |
| Gharama ya bidhaa | Ya chini | Ya kati | Ya juu sana |

Ya maji inafaa jengo ambalo paa na kuta zimeshafungwa. Haina harufu kali, haina tina inayoweza kuwaka, na brashi huoshwa kwa maji. Kwa mezanini ya duka linaloendelea kuuza, ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Ipakwe kwenye fremu iliyo wazi wakati wa vuli, na kazi nzima inaweza kurudiwa.

Ya tina inasamehe zaidi. Jengo likiwa na paa lakini bado halina madirisha, hiyo ndiyo ya kutumia. Mvuke wake unawaka na unalevya, kwa hiyo uchomeleaji usimame, upepo upite, na wapakaji wavae barakoa zenye chujio la mvuke. Kitambaa cha kuzuia vumbi hakizuii mvuke.

Epoksi ni daraja jingine. Inabana kwenye chuma, inakinga kutu yenyewe pamoja na praima yake, na haibanduki kirahisi. Kwa kazi ndogo huchanganywa na kupakwa kwa mkono; kwa kazi kubwa huhitaji mashine inayopasha moto vimiminika vya makopo yote mawili na kuvichanganya kwenye bomba. Mashine hiyo na fundi wake ni bora utafute uhakika wao kabla ya kuagiza rangi.

Hali ya hewa ya ziwa

Mwanza ina jambo moja jema ambalo Dar es Salaam na Tanga hazina: Ziwa Victoria ni maji baridi. Upepo wa ziwani hauleti chumvi, kwa hiyo kutu huenda taratibu kuliko pwani ya bahari, na huna sababu ya kunakili mfumo mzito wa rangi uliochorwa kwa jengo la Kurasini.

Unyevu, lakini, upo. Chuma hupoa usiku na asubuhi huwa na umande usioonekana kwa jicho. Kanuni ni kwamba joto la chuma liwe juu ya kiwango cha umande kwa nyuzi 3 au zaidi. Hewa ikiwa nyuzi 24 na unyevu asilimia 80, kiwango cha umande ni karibu nyuzi 20.3, hivyo chuma lazima kiwe nyuzi 23.3 au zaidi. Boriti iliyolala nje saa moja asubuhi mara nyingi haijafika hapo. Kipimajoto cha chuma na kipima unyevu ni vifaa vidogo ukilinganisha na ndoo moja ya rangi hii. Kazi ianze jua likishapasha chuma, na tabaka la mwisho lipakwe mapema kiasi cha kushika kabla ya giza.

Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mizuri zaidi kwa ya maji. Kati ya Oktoba na Desemba, na tena Machi hadi Mei, panga muda mrefu zaidi kati ya tabaka na tabaka, au hamia kwenye ya tina.

Halafu kuna wadudu wadogo warukao wa ziwani. Wingu lao likifika ufukweni jioni, hufuata taa na kunata kwenye chochote kibichi. Kwenye rangi ya kawaida ni uchafu tu. Kwenye rangi ya mm 1 mbichi, maelfu ya miili huingia ndani ya tabaka na kuacha mashimo na sehemu zisizoshikana. Karibu na maji, kama Capri Point au Kirumba, usipulize kuanzia alasiri kuendelea bila kufunga turubai, na usiache taa ikiwaka juu ya rangi mbichi. Waliokwisha nata waachwe mpaka rangi ikauke, kisha wakwanguliwe na msasa kabla ya tabaka linalofuata. Kuwafuta kwenye rangi mbichi kunaondoa unene.

Shehena nayo ina saa yake. Bidhaa nyingi za aina hii hupita Dar es Salaam na kusafiri zaidi ya km 1,100 kwa lori. Za maji nyingi hudumu miezi michache tu tangu zilipotengenezwa, hivyo soma tarehe kwenye ndoo unapopokea, na kataa ndoo yenye mabonge yasiyokorogeka. Zihifadhiwe kivulini, si ndani ya kontena linalookwa na jua la mchana.

Bodi

Bodi za kalsiamu silikati au jipsamu maalumu ya moto huizunguka boriti kama sanduku. Jipsamu ina karibu asilimia 20 ya maji yaliyofungwa ndani yake. Moto unapoyageuza mvuke, joto linatumika hapo na chuma kinasubiri. Bodi ya kawaida ya dari si hiyo. Bodi ya moto ina nyuzi za kioo ndani na cheti chake cha kukinga chuma.

Ubora mkubwa wa bodi ni kwamba haijali sana hali ya chuma. Chuma cha zamani chenye rangi isiyojulikana, ambacho huwezi kukipiga mchanga kwa sababu duka limejaa bidhaa, kinaweza kufungwa kwa bodi baada ya kukwangua kutu na kupaka praima. Unene unatoka kiwandani, hakuna wa kupunja. Sanduku pia hupunguza uso unaofikiwa na moto: IPE 200 iliyokuwa na 234 kwa pande tatu inakuwa na 175. Kwa zile mita 36 za boriti zetu, bodi ya mm 20 inahitaji kama m² 19.4, na ukiongeza asilimia 15 ya vipande vinavyopotea, ni karatasi 8 za m 1.2 kwa 2.4.

Ubaya wake uko kwenye viungo. Vipande vya bodi hukatwa na kukazwa kati ya mbawa za boriti (bamba zake za juu na chini) ili bodi ya pembeni ipate pa kushika, maungio yapishane, na skrubu zifuate nafasi ya mtengenezaji, sio ya macho. Ufa wa mm 5 kwenye kona hupitisha moto. Kenchi za engo nyembamba zilizosukana ni mateso kwa bodi. Huko rangi inashinda bila ubishi. Na bodi ikishafungwa, kutu iliyo nyuma yake haionekani, hivyo mahali panapovuja paa si pa bodi mpaka paa lirekebishwe.

Plasta ya kupuliza

Hii ni mchanganyiko wa vemikulaiti na simenti au jipsamu, hupulizwa kwa mashine hadi unene wa mm 15 hadi 40 hivi. Kwa eneo kubwa lililojificha juu ya dari, hii mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote. Inafuata umbo lolote na haihitaji unadhifu.

Ila ni laini na inatoa vumbi. Forklifti ikigusa nguzo, kipande kinadondoka. Kiwandani penye chakula haifai kukaa wazi kabisa. Kwenye boriti pana inahitaji waya meshi uliofungwa kwenye chuma, vinginevyo uzito wake na mtikisiko wa sakafu utaibandua. Na usikubali lipu ya mchanga na simenti iliyopigwa juu ya nguzo iitwe kinga ya moto. Bila meshi hupasuka na kumwagika dakika za mwanzo za moto, na hakuna jedwali linaloisimamia.

Zege

Kwa nguzo za chini, zege ni njia ambayo watu wa Mwanza huidharau bila sababu. Kokoto zipo, mafundi wa fomu wapo, na kila mkaguzi anaielewa. Kanuni za Ulaya za miundo ya chuma na zege, pale zege linapotumika kama kinga tu, zinataka kifuniko cha mm 25 kwa dakika 60, mm 30 kwa dakika 90 na mm 40 kwa dakika 120. Kwa kazi ya mikono, mm 50 ni salama zaidi kwa sababu kokoto inahitaji pa kupita. Ndani yake uweke wavu wa waya wa mm 4 au zaidi, matundu yasizidi mm 250, ili zege lisidondoke likipasuka.

Nguzo zetu sita za mm 100 zikivikwa mm 50 kila upande zinakuwa mm 200 kwa 200. Ni m³ 0.54 za zege kwa zote, uzito wa kama tani 1.3, yaani kilo 72 kwa kila mita. Msingi wa kawaida unaumudu, lakini mhandisi aambiwe. Ukiamua kumwaga zege ndani ya bomba vilevile, toboa matundu ya mm 20 juu na chini ya kila ghorofa. Zege likipata moto hutoa mvuke, na bomba lililozibwa linaweza kupasuka.

Maoni yetu kwa mezanini kama hii ni kuchanganya: nguzo zege, boriti rangi. Lita 35 za rangi ghali zinaondoka kwenye hesabu, na nguzo zinakuwa na ngozi isiyoogopa mkokoteni wala maji ya kudekia. Boriti zikivikwa zege, uzito unakuwa mwingine kabisa, hivyo huko usiende.

Jengo kwa jengo

Kiwanda cha samaki. Kuta na sakafu huoshwa kila siku kwa maji yenye klorini, na vyumba vya baridi hutiririsha umande. Rangi ya maji hapo ni kupoteza fedha, hata ikiwa na rangi ya juu, kwa sababu mkwaruzo mmoja unafungua njia ya maji. Nguzo za sakafu ya kuchakatia: zege hadi juu ya kimo cha kuoshea au hadi mwisho, uso ukiwa laini. Boriti: epoksi. Plasta ya kupuliza ni marufuku juu ya minofu. Mapaneli ya vyumba vya baridi yenye povu la poliurethani huwaka vikali, kwa hiyo chuma kinachoyashikilia kisisahaulike.

Ghala la pamba. Marobota huungua kwa ndani kwa muda mrefu, na forklifti hupita karibu na nguzo. Nguzo zivikwe zege. Kenchi za paa la ghala la ghorofa moja ni suala tofauti: kanuni za Uingereza, kwa mfano, haziwekei sharti la kinga muundo unaobeba paa pekee, isipokuwa ukiwa unashikilia ukuta ulio karibu na mpaka wa jirani. Usitumie milioni kupaka kenchi kabla mhandisi wako na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hawajasema kama zinahitajika; fedha hiyo huenda ikafanya kazi zaidi kwenye nafasi kati ya marobota, hozi na njia za kutokea. Mchoro upelekwe kwao mapema, chuma kikiwa bado kwenye karatasi.

Bohari la mafuta na sehemu za kupakulia. Moto wa mafuta hupanda haraka mno: kipimo cha majaribio ya moto wa mafuta kinafika nyuzi 948 ndani ya dakika 5, wakati kile cha kawaida kiko 576. Rangi nyembamba ya akriliki haikupimwa kwa hali hiyo. Ni zege, au epoksi yenye cheti cha moto wa mafuta kilichotajwa kwa jina.

Kazi ya rangi inapoharibika

Kosa la kwanza liko chini ya rangi. Chuma nchini mara nyingi huja kikiwa kimepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu ya aina ya alkidi. Tina ya rangi ya kuvimba inaweza kuikunja kama ngozi, na hata isipoikunja, moto ukija praima hiyo hulainika na povu lote linateleza chini likiwa limeshavimba vizuri. Praima lazima iwe kwenye orodha ya mtengenezaji wa rangi ya kuvimba, na isipakwe nene kuliko alivyosema. Isipokuwemo, iondolewe.

Kusafisha kwa mchanga wa presha hadi daraja la Sa 2½, yaani chuma kisafi karibu kabisa, ndiyo kipimo. Mchanga wa ufukweni usitumike: vumbi la silika huharibu mapafu bila kupona. Tumia chembe za ganeti au mabaki ya kuyeyushia shaba, na praima ipakwe siku ileile kabla kutu haijarudi.

Kosa la pili ni tina ya kuongeza. Fundi akiona rangi nzito huongeza tina ili iteleze. Rangi inashuka, na asilimia ya yabisi inashuka nayo, hivyo hesabu yote ya lita inakuwa uongo. Rangi hii ni nzito kwa makusudi. Mashine ya kupulizia isiyotumia hewa iwe na ncha ya inchi 0.019 hadi 0.023 na presha ya kutosha, karibu bar 200, na chujio ziondolewe. Brashi hufika pazuri kwenye kona, lakini kwa tabaka moja huacha nusu ya unene wa mashine. Milimita 3 kavu ni mm 4.3 mbichi: tabaka tano za mashine, au karibu tisa za brashi. Kwa msimu wa vuli, tisa hizo ni wiki mbili.

Kosa la tatu ni kupima kwa macho. Kitana cha kupimia rangi mbichi kiwe mfukoni mwa mpakaji, na mikroni 1,000 (mm 1) kavu ikitakiwa asome 1,430 mbichi kwa jumla ya tabaka. Ikikauka, tumia kipimo cha sumaku, ukitoa unene wa praima ulioandikwa kabla. Rangi ikiwa bado laini, weka kipande chembamba cha plastiki chenye unene unaojulikana juu yake, kisha ukitoe kwenye hesabu, la sivyo ncha inazama na kusoma pungufu. Wastani wa kila uso ufikie unene wa jedwali, na popote panaposomeka chini ya asilimia 80 papimwe tena jirani yake na kuongezewa. Ncha za mbawa za boriti ndizo hukimbiwa na rangi; pima huko kwanza.

Rangi ya juu isiachwe kwa fundi kuchagua. Ikiwa nene au ngumu kupita kiasi hubana povu lisivimbe. Mikroni 50 hadi 75 ya aina iliyoidhinishwa hutosha kwa kazi nyingi.

Na povu linahitaji nafasi. Rangi ya mm 1 inayoweza kuvimba mara 50 inataka sm 5 wazi mbele yake. Bomba la maji, trei ya nyaya au bodi ya tangazo iliyobanwa kwenye boriti itazuia povu hapo hapo, na moto utaingia kupitia pengo hilo. Vyuma vidogo visivyokingwa vilivyochomelewa kwenye boriti hupitisha joto ndani, kwa hiyo desturi ni kuvipaka kama mm 500 kutoka kwenye kiungo. Maungio ya bolti yapate unene wa kile chuma kinachodai rangi nene zaidi kati ya vinavyokutana hapo, vichwa vya bolti vikiwemo.

Mwenye jengo akabidhiwe jina la bidhaa, namba ya shehena, unene uliopimwa kila boriti na mchoro unaoonyesha vipimo vilichukuliwa wapi. Atavihitaji siku fundi umeme atakapotoboa boriti kufunga taa. Sehemu hiyo ikatwe mpaka kwenye rangi iliyoshika imara, kingo zisagwe ziwe mteremko, praima ileile irudishwe, kisha rangi ya bidhaa ileile ijazwe tabaka kwa tabaka hadi unene wa awali, na rangi ya juu ipite mpaka juu ya kingo za zamani. Putini ya kawaida isiingie humo, hata kama inalingana rangi.